Kinanda cha Mabomba Sebuleni: Mwongozo wa Kuchagua, Kuagiza na Kutunza

Mtu anayetamani kinanda cha mabomba nyumbani kwake karibu kila mara huanza kwa kuhesabu: rejista (aina za sauti) ngapi, safu ngapi za vitufe, mabomba mangapi. Hesabu hiyo ingoje. Kinanda kidogo kinachopigwa kila siku kwa miaka mingi hutokana na vipimo vitatu vinavyochukuliwa kabla rejista ya kwanza haijatajwa: urefu wa dari, aina ya muziki utakaopigwa, na jinsi vitufe vinavyoitikia vidole. Vikipatikana hivyo, rejista tatu zinatosha. Visipopatikana, hata kumi hazitaokoa jahazi.

Wasomaji wengi wa Kiswahili wamekutana na kinanda cha mabomba kanisani tu, kama vile katika Kanisa Kuu la Watakatifu Wote mjini Nairobi. Ukubwa huo wa kanisani umewafanya watu wadhani kwamba kinanda cha nyumbani ni kile kile kilichopunguzwa. Historia inasema vingine. Kinanda cha kwanza kinachojulikana kilibuniwa barani Afrika, mjini Alexandria nchini Misri, na fundi Ktesibios katika karne ya 3 kabla ya Kristo, na kilikuwa chombo kidogo kilichotumia uzito wa maji kutuliza upepo. Mwaka 1931 yakapatikana mabaki ya kinanda cha Kirumi huko Aquincum, ndani ya Budapest ya leo. Kilikuwa cha mwaka 228, chenye mabomba 52 yaliyopangwa katika safu nne. Chombo hicho kingeenea juu ya meza.

Mfano ulio karibu zaidi na nyumba ya kawaida uko katika bonde la Toggenburg, mashariki mwa Uswisi. Huko ndiko alikozaliwa Huldrych Zwingli mwaka 1484, mwanamatengenezo wa kanisa ambaye chini yake vinanda vilinyamazishwa katika makanisa ya Zurich miaka ya 1520. Karne mbili baadaye wakulima wa Toggenburg, wafuasi wa mapokeo hayo hayo, waliweka vinanda vidogo katika vyumba vya juu vya nyumba zao za mbao ili familia iimbe zaburi. Mafundi wa ukoo wa Looser na wa ukoo wa Ammann walivijenga kama makabati yenye milango iliyopakwa rangi na kuchorwa, vyenye rejista chache, kwa kawaida bila pedali, na mvukuto uliosukumwa kwa mguu. Baadhi yake vimehifadhiwa katika makumbusho ya Lichtensteig na Ebnat-Kappel. Wakulima wale walijua wanachotaka: sauti ya kuongoza familia, katika chumba chenye dari fupi. Hapo ndipo hata mnunuzi wa leo anapopaswa kuanzia.

Anza na dari

Rejista ni safu nzima ya mabomba yenye sauti ya aina moja, inayofunguliwa au kufungwa kwa kuvuta kishikio kimoja. Jina lake huambatana na namba ya futi. Rejista ya futi 8 hutoa sauti ile ile iliyoandikwa kwenye noti. Ya futi 4 hulia oktava moja juu, na ya futi 2 oktava mbili juu. Namba hiyo ndiyo urefu wa bomba refu kuliko yote katika safu, likiwa wazi upande wa juu.

Futi 8 ni mita 2.4 hivi, na nyumba nyingi za kisasa barani Ulaya zina dari ya mita 2.4 au 2.5. Ongeza mguu wa bomba, sanduku la upepo lililo chini yake, na nafasi ya mkono wa fundi juu. Bomba la wazi la futi 8 halisimami katika sebule kama hiyo.

Mafundi walilitatua jambo hili karne nyingi zilizopita. Bomba likizibwa juu kwa kizibo, wimbi la sauti husafiri hadi kwenye kizibo na kurudi, na bomba hulia oktava nzima chini ya bomba la wazi lenye urefu huo huo. Kwa hiyo bomba lililozibwa la mita 1.2 hutoa noti ile ile ya bomba la wazi la mita 2.4. Sauti yake hubadilika pia, kwa sababu hutoa hasa harmoniki za namba witiri: huwa laini, ya duara, yenye kivuli kidogo. Wajerumani huiita rejista hiyo Gedackt, nayo ndiyo msingi wa karibu kila kinanda cha nyumbani. Rejista ya futi 4 inaweza kuwa ya mabomba wazi au yaliyozibwa, na ile ya futi 2, ambayo bomba lake refu ni la sentimita 60, huwa wazi na hung'aa.

Kabla ya kumwandikia fundi yeyote, pima na uandike mambo haya:

- Urefu wa dari, upana wa ukuta, na kina cha nafasi ukijumlisha benchi na mwili wa mpigaji.
- Upana wa mlango, kona za ngazi na lifti. Kinanda chenye safu mbili za vitufe na pedali kinaweza kuwa na uzito wa kilo mia kadhaa, na hufika kikiwa vipande.
- Sakafu: iwe imara na sawa. Sakafu inayonesa huvuruga mitambo mtu akipita.
- Ukuta: chagua wa ndani ya nyumba. Ukuta wa nje hupoa usiku na kupata joto mchana, na mabomba yaliyo karibu nao hufuata mabadiliko hayo.
- Mahali pa vipasha joto na madirisha. Jua la moja kwa moja juu ya mabomba kwa saa moja linatosha kuvuruga ulinganifu wa sauti kwa siku hiyo.

Mazulia, mapazia na makochi hunywa sauti. Mwambie fundi kilichomo chumbani, au umtumie picha. Chumba chenye sakafu ya mbao na kuta tupu kinahitaji mabomba yanayoongea kwa upole zaidi.

Kisha muziki

Safu ya vitufe ya kisasa mara nyingi huwa na noti 54 au 56. Kwa noti 54, kila rejista kamili ni mabomba 54, na rejista tatu ni mabomba 162. Kila rejista inayoongezwa huongeza gharama, uzito na kazi ya kulinganisha sauti. Hivyo iulizwe kwanza: itatumika kwa muziki gani?

Anayetaka kuimbisha nyimbo za kanisani nyumbani, za *Tenzi za Rohoni* au *Mwimbieni Bwana* kwa sauti nne, anahitaji safu moja ya vitufe na rejista tatu: Gedackt ya futi 8, filimbi ya futi 4, na prinsipali (mabomba wazi) ya futi 2. Futi 8 peke yake hufaa kwa mwimbaji mmoja. Ikiongezwa futi 4, familia nzima husikia noti zake vizuri. Futi 2 huleta mwangaza wa ubeti wa mwisho. Kinanda hiki ni kidogo kama kabati la nguo, na kinaweza pia kusindikiza fidla au kwaya ndogo.

Mwanafunzi wa kinanda ana shida tofauti. Anahitaji mikono miwili kwenye safu mbili na miguu kwenye pedali. Kwake, rejista moja ya futi 8 katika kila safu na moja kwa pedali hutosha, mradi sauti za safu mbili zitofautiane: moja iwe ya bomba lililozibwa kabisa, nyingine ya bomba lenye kizibo kilichotobolewa, ambayo sauti yake ni angavu zaidi kidogo. Sonata sita za sauti tatu za Johann Sebastian Bach, BWV 525 hadi 530, zina mstari mmoja kwa mkono wa kulia, mmoja kwa wa kushoto na mmoja kwa miguu. Kinanda chenye rejista tatu tu huzibeba zote, na kila kosa husikika. Kwa mazoezi hiyo ni faida.

Anayependa muziki wa zamani usiohitaji pedali, kama *Fiori musicali* ya Girolamo Frescobaldi ya mwaka 1635, au voluntari (vipande vya kinanda) za Mwingereza John Stanley, afikirie rejista zilizogawanywa katikati. Kishikio kimoja hufungua nusu ya besi na kingine nusu ya juu. Mkono wa kulia unaweza kuimba peke yake kwa futi 8 na futi 4 huku wa kushoto ukisindikiza kwa futi 8 tu, katika safu moja ya vitufe. Ufundi huu hauongezi hata bomba moja, ila hupanua matumizi ya kinanda kwa kiasi kikubwa.

Jihadhari na mambo mawili. La kwanza ni rejista ya futi 16 kwa pedali: hata ikizibwa, bomba lake refu hufika mita 2.4, na katika chumba kidogo noti zake za chini huvuma kwa nguvu mahali pamoja na kupotea pengine. La pili ni rejista za ulimi, kama regali, ambazo sauti hutoka kwenye ulimi mwembamba wa shaba unaotetemeka. Zina utamu wake, lakini lazima zilinganishwe mara kwa mara, pengine kila zinapotaka kupigwa. Zichukue ikiwa uko tayari kujifunza kazi hiyo.

Vitufe na fito

Sifa ya kinanda cha mitambo ni kwamba kati ya kidole na upepo hakuna umeme. Kidole kinapobonyeza kitufe, kitufe huvuta au kusukuma ufito mwembamba wa mbao. Pale ambapo mwendo unapaswa kuhamia kushoto au kulia, ufito hupitia kwenye mhimili unaozunguka. Mwishoni hufungua vali ndogo iliyovikwa ngozi, ndani ya sanduku la upepo. Upepo huingia katika mfereji wa noti hiyo. Juu ya mfereji kuna kibao chenye matundu kinachoteleza kwa kila rejista: kishikio kikivutwa, matundu hukutana na miguu ya mabomba na upepo hupanda, kikirudishwa, njia hufungwa.

Vali ikiwa imefungwa, upepo ndani ya sanduku huikandamiza. Ndiyo maana kidole hukuta ukinzani mdogo mwanzoni, kisha kitufe hushuka kwa wepesi. Mpigaji anayezoea hatua hiyo ndogo hujifunza kuamua sauti ianze vipi na iishe vipi. Kinanda cha kielektroniki kinaweza kuwa na sauti mia moja, lakini somo hilo hakilifundishi kwa namna hiyo.

Unapojaribu kinanda chochote, fanya hivi. Bonyeza kitufe kimoja polepole sana, ukisikiliza bomba linavyoamka. Kisha kipige kwa haraka. Mwanzo wa sauti unapaswa kutofautiana. Rudia noti moja kwa kasi kwa vidole viwili: isishikane. Piga akodi ya noti sita ukiwa umevuta rejista zote: vitufe visiwe vizito kiasi cha kuchosha. Funga rejista zote na upige: utasikia mitambo peke yake. Mlio mdogo wa mbao ni wa kawaida, mgongano wa metali au kutikisika si wa kawaida.

Kadiri njia ya fito inavyokuwa fupi ndivyo mguso unavyokuwa mzuri. Katika vinanda vidogo vya sanduku, vali hukaa karibu moja kwa moja chini ya vitufe, na pini fupi ndizo zinazozisukuma. Katika vinanda vya kabati, fito hupanda kutoka kwenye vitufe hadi sanduku la upepo lililo juu. Mfumo wowote kati ya hiyo hufaa, lakini ule unaopindisha mwendo mara nyingi ili kuficha mabomba kwenye kona ya chumba utakugharimu kwenye vidole.

Upepo

Shinikizo la upepo hupimwa kwa milimita za maji. Fundi huchukua bomba la kioo lenye umbo la U, hutia maji, huliunganisha na sanduku la upepo, na kusoma tofauti ya kimo cha maji pande mbili. Vinanda vya nyumbani mara nyingi hufanya kazi kwa milimita 40 hadi 60 hivi, chini ya vile vingi vya kanisani. Shinikizo dogo huruhusu bomba kuongea bila kupiga kelele.

Leo upepo hutoka kwenye feni ya umeme iliyofungiwa ndani ya sanduku lenye kunyonya mlio. Dai sanduku hilo liwe kimya kiasi kwamba, ukiwa umekaa kwenye benchi na rejista zote zimefungwa, usisumbuliwe na mvumo. Feni ivute hewa ya chumba kile kile chenye kinanda. Ikivuta hewa baridi ya ghala la chini, itaisukuma ndani ya mabomba na ulinganifu wa sauti utaharibika.

Kati ya feni na mabomba lazima kuwe na mvukuto au kifaa kingine cha kutuliza upepo. Jaribu hivi: shikilia noti moja ya juu kwa mkono wa kulia, kisha piga akodi fupi fupi za besi kwa mkono wa kushoto. Noti ya juu ikiyumba kidogo, ni uhai wa kawaida wa upepo. Ikitetemeka kama inayolia, upepo hautoshi au njia zake ni nyembamba.

Uliza pia kama kinaweza kuwekewa mvukuto wa kusukumwa kwa mguu au kwa mkono. Kinanda alichojenga Esaias Compenius mwaka 1610, ambacho tangu mwaka 1617 kimo katika kasri ya Frederiksborg nchini Denmark, bado hupewa upepo na mtu anayeshughulikia mivukuto yake minne. Katika nyumba ambayo umeme hukatika, kipengele hicho ni cha lazima.

Mbao, metali na sheria

Kinanda hicho cha Compenius kina funzo jingine: mabomba yake 1,001 yote ni ya mbao, nacho kilijengwa kwa ajili ya kasri, si kanisa. Mabomba ya mbao huongea kwa upole na joto linalofaa chumbani, na mafundi kadhaa wa leo hujenga vinanda vya nyumbani vya mbao tupu. Wengine huchanganya mbao kwa noti za chini na metali kwa za juu.

Metali ya mabomba ni mchanganyiko wa bati na risasi. Risasi ni sumu, kwa hiyo nawa mikono baada ya kushika mabomba na usiruhusu watoto kuyachezea. Risasi nayo huliwa na mvuke wa asidi, hasa ule unaotoka kwenye mbao mpya za mwaloni. Usiweke kabati jipya la mbao zilizogandishwa kwa gundi ukaifungia ndani yake safu ya mabomba ya zamani, na usisafishe chochote karibu nayo kwa siki.

Vitufe vinawahusu wasomaji wa Afrika Mashariki kwa namna ya pekee. Vitufe vyeusi vya vinanda hutengenezwa kwa mbao nzito na ngumu, na mpingo, mti unaovunwa hasa kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, ni mmoja wa miti inayotakiwa na watengenezaji wa ala za muziki duniani. Tangu Januari 2017 karibu jamii nzima ya mti huo, Dalbergia, imo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na mwaka 2019 ala za muziki zilizokwisha kutengenezwa zikalegezewa masharti. Muulize fundi mbao zake zimetoka wapi, na umwombe aandike kwenye mkataba.

Pembe za ndovu ni suala kali zaidi. Vinanda vingi vya Uingereza vya karne ya 18 na 19 vina vitufe vilivyofunikwa kwa pembe. Sheria ya Uingereza iliyoanza kutumika Juni 2022 inaruhusu kuuza ala ya muziki iliyotengenezwa kabla ya 1975 ikiwa pembe ni chini ya asilimia 20 ya ala nzima na imesajiliwa. Ukinunua kinanda cha namna hiyo, pata uthibitisho wa usajili kabla ya kulipa. Kwa kinanda kipya chagua mfupa au mbao.

Fundi na mkataba

Ujerumani peke yake ina vinanda vya mabomba 50,000 hivi na karakana 400 za kuvijenga na kuvitengeneza. Mwaka 2017 UNESCO iliuingiza ufundi huo na muziki wake kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Uholanzi, Uswisi, Denmark, Uingereza na Marekani pia zina mafundi wanaojenga vinanda vya nyumbani. Uchaguzi upo, na wenye karakana ndogo mara nyingi ndio wanaopenda kazi ndogo.

Tembelea angalau vinanda viwili vya fundi unayemfikiria vilivyopo majumbani, kimoja kikiwa na umri wa miaka kumi au zaidi. Kipya huvutia kila mtu. Kilichopita misimu kumi ya baridi na joto ndicho kinachoonyesha kama mbao zilikauka vizuri kabla ya kutumika.

Mkataba utaje mchoro wa kinanda, orodha ya rejista na idadi ya mabomba ya kila moja, aina ya mbao na mchanganyiko wa metali, shinikizo la upepo, kiwango cha sauti (kwa kawaida A ya herzi 440), na mfumo wa kulinganisha sauti. Hapa lipo la kuamua. Mfumo wa kisasa hulinganisha nusutoni zote sawa na hufaa kupiga pamoja na ala nyingine katika ufunguo wowote. Mifumo ya zamani, kama ule aliouchapisha Andreas Werckmeister mwaka 1691, hufanya funguo zenye alama chache ziwe tulivu zaidi na kuzipa nyingine ukali. Kwa muziki wa Bach na waliomtangulia, mfumo wa aina hiyo una uzuri unaosikika hata kwenye rejista moja.

Sharti lisilopaswa kukosekana ni hili: kazi ya mwisho ya kuyasemesha mabomba ifanyike ndani ya chumba chako. Fundi hufungua au kubana mdomo wa bomba na tundu la mguu wake mpaka kila noti ilingane na jirani zake kwa nguvu na wepesi wa kuongea. Kazi hiyo ikiishia karakanani, utapata kinanda kilichotengenezewa chumba kingine. Weka pia ziara ya pili baada ya majira ya baridi ya kwanza, ikiwa ndani ya bei.

Vinanda vilivyotumika huuzwa mara kwa mara, hasa wanafamilia wanapohamia nyumba ndogo. Mlipe fundi asiye na maslahi akikague. Atazame ngozi za mivukuto na vali, nyufa kwenye sanduku la upepo, matundu ya wadudu, na mabomba yaliyopinda shingo. Bei ya kununua mara nyingi ni nusu tu ya habari. Kubomoa, kusafirisha, kusimamisha na kusemesha upya huongeza gharama kubwa.

Joto na unyevu

Hewa ikipata joto, sauti husafiri haraka zaidi na mabomba hupanda. Kinanda kilicholinganishwa kwenye A ya 440 katika nyuzi 20 kitashuka hadi karibu 432 katika nyuzi 10, na kupanda hadi karibu 447 katika nyuzi 30. Mabomba ya kawaida hupanda na kushuka pamoja, kwa hiyo kinanda hubaki kikikubaliana na nafsi yake. Rejista za ulimi hazifuati kwa kiasi hicho, ndiyo maana zinaonekana kuasi siku za joto. Linganisha sauti katika joto lile lile unalopigia.

Adui mkubwa zaidi ni ukavu. Majira ya baridi vipasha joto hukausha hewa, mbao husinyaa, na upepo huvuja kutoka mfereji mmoja hadi mwingine. Utasikia noti za jirani zikinong'ona. Nunua kipima unyevu cha kuaminika na uweke hewa kati ya asilimia 45 na 60 kwa kutumia kifaa cha kuongeza unyevu. Unyevu ukizidi, vitufe huvimba na vali hushikana.

Msomaji wa Mombasa, Tanga au Unguja ana mapambano ya upande wa pili: joto, unyevu wa bahari, chumvi na mchwa. Albert Schweitzer, daktari na mpiga kinanda, aliyajua hayo alipokwenda Lambaréné nchini Gabon mwaka 1913. Chama cha Bach cha Paris kilimpa piano yenye pedali za kinanda iliyotengenezwa kwa ajili ya nchi za joto na kuvikwa zinki ndani. Kinanda cha mabomba kinachokuja pwani kijengwe kwa nia hiyo tangu mwanzo: mbao zilizotiwa dawa, viungo vya skrubu badala ya gundi pekee, nafasi ya hewa kupita nyuma, na kilinganishwe hapo hapo katika joto la hapo.

Matunzo ya kila siku

Kipige. Kinanda kinachopigwa kila siku hudhihirisha kasoro zikiwa ndogo. Vifunike vitufe baada ya kupiga, lakini usifunge kabati lote kwa nailoni, kwani unyevu utanaswa ndani. Weka mitego ya panya na uangalie nondo, ambao viwavi wao hula kitambaa cha sufu na ngozi.

Noti ikigoma kunyamaza, zima feni, bonyeza kitufe chake mara kadhaa kwa haraka, kisha washa tena; mara nyingi ni vumbi lililokwama kwenye vali. Ikiendelea, angalia kama kitufe kimeshikana na jirani yake kwa sababu ya unyevu. Bomba likikosa sauti, huenda uchafu umeingia mdomoni. Mwite fundi, usilichokonoe. Ukilazimika kulitoa bomba, lishike kwa kitambaa, karibu na mguu, kwa muda mfupi. Joto la mkono peke yake hulipandisha sauti, kwa hiyo subiri lipoe kabla ya kuhukumu sauti yake.

Mabomba yaliyozibwa unaweza kujifunza kuyalinganisha mwenyewe: kizibo kikisukumwa ndani sauti hupanda, kikivutwa nje hushuka. Mabomba ya wazi ya metali mwachie fundi, ambaye aje angalau mara moja kwa mwaka.

Kabla ya kutia sahihi, kaa kwenye kinanda cha fundi huyo ukiwa umevuta Gedackt ya futi 8 peke yake, upige kwa nusu saa nyimbo unazozijua kwa moyo. Ukijikuta unataka kuendelea, ongeza rejista nyingine kadiri chumba na mfuko vinavyoruhusu. Ukichoka nayo kabla ya nusu saa kwisha, usitie sahihi. Tafuta fundi mwingine.